Edward Mukuka Nkoloso: Mwalimu wa Zambia Aliyetaka Kuwapeleka Watu Mirihi

Ukisimama mwaloni Nkome usiku wa giza, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini, utaona taa zimetapakaa ziwani hadi macho yanapoishia, na juu yake nyota za Mungu nazo zimetapakaa. Katika miezi fulani ya mwaka utaona kati ya hizo za juu moja yenye wekundu, isiyometameta kama zenzake. Hiyo si nyota bali ni sayari, nayo huitwa Mirihi. Kwa zaidi ya miaka 60 mataifa makubwa yamekuwa yakipiga hesabu za kumpeleka binadamu huko, na matajiri wa siku hizi wanatangaza kwamba jambo hilo li karibu.

Habari hizo zinatufikia kwenye simu zetu, na waamini wanauliza maswali mawili ya haki kabisa. La kwanza, jambo hilo linawezekana kweli? La pili, kama linawezekana, lina faida gani wakati kuna mama anajifungua bila mwanga wa taa na mtoto anakunywa maji machafu? Frateri anayejiandaa kuwa mchungaji hawezi kuyakwepa maswali haya kwa kusema ni mambo ya Wazungu. Kwanza, si ya Wazungu peke yao. Mwafrika mmoja aliyezaliwa si mbali na mpaka wetu wa kusini aliyabeba maishani mwake, akachekwa na dunia nzima, akafa akiwa na heshima ya taifa lake. Jina lake ni Edward Mukuka Nkoloso.

Mtoto wa misheni

Nkoloso alizaliwa mwaka 1919 kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, katika ardhi ya Wabemba. Injili ilifika huko kwa juhudi za Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, walewale waliovuka Ziwa letu na kujenga misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Kijana huyo alisoma katika shule za misheni, akajifunza hata Kilatini. Wazee wetu waliopita seminari za zamani wanajua malezi hayo yalikuwaje: kengele alfajiri, sala, darasa, jembe, na mwalimu asiyekubali sentensi yenye kosa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nkoloso aliingizwa katika kikosi cha askari wa Rhodesia ya Kaskazini, akawekwa upande wa mawasiliano, na vita vikampeleka mbali mpaka Burma. Vijana wengi wa Afrika Mashariki na Kati walipita njia hiyo. Waliondoka vijijini wakiambiwa kwamba mzungu hashindwi, wakarudi wakiwa wamemwona akishindwa, akilia na kuzikwa kama watu wengine. Inasimuliwa kwamba Nkoloso alipopanda ndege kwa mara ya kwanza na kuyaona mawingu yako chini yake, alimwomba rubani asimamishe ndege ili ashuke akatembee juu yake. Rubani alikataa. Tangu siku hiyo, inasemekana, hakuacha kuwaza juu ya kwenda angani.

Mwalimu, mfungwa, mpigania uhuru

Baada ya vita alifanya kazi ya ukalimani serikalini, kisha akawa mwalimu wa sayansi. Alifungua shule yake mwenyewe, na masimulizi yaliyobaki yanasema serikali ya kikoloni iliifunga. Kwa mwalimu aliyevaa magwanda ya mfalme na kuhatarisha maisha yake ng'ambo, hilo lilikuwa tusi. Alijiunga na harakati za kudai uhuru, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 akakamatwa na kutiwa gerezani. Alipotoka aliendelea na siasa, akawa mtu wa kutegemewa katika chama cha UNIP kilichoongozwa na Kenneth Kaunda.

Tunayataja haya mapema kwa sababu wengi wanaomjua Nkoloso wanamjua kwa kichekesho tu. Aliyechekwa na magazeti mwaka 1964 alikuwa askari mstaafu, mwalimu, na mtu aliyelala sakafu ya gereza kwa ajili ya nchi yake.

Chuo cha anga nje ya Lusaka

Mwaka 1960, kabla hata nchi haijapata uhuru, Nkoloso alianzisha taasisi aliyoiita chuo cha taifa cha sayansi, utafiti wa anga na falsafa. Kumbuka hali ya wakati huo. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin wa Urusi ya Kisovieti alikuwa binadamu wa kwanza kuizunguka dunia angani. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn wa Marekani aliizunguka dunia mara tatu, na kati ya vituo vilivyofuatilia safari yake kimoja kilikuwa kisiwani Unguja. Wamarekani walikijenga kwa ajili ya mpango wao wa Mercury, na kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa hiyo ardhi yetu ilikuwa tayari ndani ya mbio za anga, ila kama mahali pa kusimika minara ya wengine.

Nkoloso hakutaka Waafrika wabaki kuwa watazamaji. Katika shamba lililoachwa nje ya Lusaka alikusanya vijana kama 10 na kuanza kuwafundisha. Aliwaingiza mmoja mmoja ndani ya pipa la mafuta la galoni 44, kisha pipa likabingirishwa kutoka mlimani ili wazoee misukosuko ya safari. Aliwabembeza kwa kamba ndefu, na walipofika juu kabisa aliikata, ili waonje hali ya kuanguka bila uzito. Aliwafundisha pia kutembea kwa mikono, akiamini kwamba Mwezini mtu hutembea hivyo. Roketi yake, iliyofanana na pipa kubwa, aliipa jina la D-Kalu kwa heshima ya Kaunda.

Orodha ya abiria ilikuwa ya pekee. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka 17, Matha Mwamba. Pamoja naye wangekwenda paka wawili, na tena mmisionari. Nkoloso alidai kwamba alikuwa ameitazama Mirihi kwa darubini na kuona ina wenyeji. Hata hivyo, alisema amemwonya mmisionari huyo asiwalazimishe wenyeji hao kuupokea Ukristo kama hawautaki. Mtu huyu alikuwa ametawaliwa, kufundishwa na kufungwa na wageni. Alipojipangia naye kuwa mgeni katika nchi ya wengine, hilo ndilo sharti alilolikumbuka.

Aliomba UNESCO paundi milioni 7, na akatafuta fedha nyingi zaidi kwa wafadhili wengine. Hakupata. Alitarajia D-Kalu iruke wakati wa sherehe za Uhuru, tarehe 24 Oktoba 1964. Haikuruka. Serikali ya Kaunda ilijitenga na mpango huo. Vijana waliokuwa mazoezini walianza kuondoka mmoja mmoja, na Matha alipata ujauzito, wazazi wake wakaja kumchukua. Hapo mpango ukafa, ingawa Nkoloso hakukiri hata siku moja kwamba umekufa.

Alitania au alisadiki?

Waandishi wa Marekani na Uingereza walifika na kamera zao, wakapiga picha za pipa likibingirika, wakarudi kwao na kuchekesha watu. Nchi mpya ya Afrika ilikuwa inazaliwa wiki hiyohiyo, na baadhi yao waliona habari ya pipa inanoga kuliko habari ya uhuru.

Miaka ya baadaye watafiti wamelitazama jambo hili upya. Wapo wanaosema Nkoloso alikuwa anawatania wakubwa wa dunia: ninyi mnatumia mabilioni kushindana, nasi tutawafikia kwa pipa na kamba. Wapo wanaosema mazoezi yale yalikuwa pia kificho cha kuwaandaa vijana kwa ajili ya harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Na wapo wanaosema alisadiki kila neno. Huenda yote matatu yalikaa ndani ya mtu mmoja. Mzee wa Kiafrika anaweza kusema jambo huku anacheka, na bado akawa analimaanisha.

Lakini hata tukikubali kwamba lilikuwa ni utani, bado kuna binti wa miaka 17 ndani ya hadithi hii, na kuna kijana aliyebingirishwa ndani ya pipa. Tutarudi kwao.

Je, safari yenyewe inawezekana?

Tarehe 28 Novemba 1964, wiki tano tu baada ya uhuru wa Zambia, Marekani ilirusha chombo kisicho na mtu kilichoitwa Mariner 4. Julai 1965 kilipita karibu na Mirihi na kutuma picha za kwanza za karibu. Hazikuonyesha wenyeji, wala mifereji ya maji ambayo baadhi ya wanajimu wa zamani walidhani wameiona. Zilionyesha nchi kavu, baridi, yenye mashimo kama ya Mwezi. Hakukuwa na wa kubatizwa wala wa kulazimishwa.

Tangu hapo tumejua mengi. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, na watu 12 walitembea juu yake kati ya mwaka 1969 na 1972. Mirihi, hata ikiwa karibu nasi kabisa, iko kilomita milioni 55 hivi, na ikiwa upande wa pili wa Jua ni karibu milioni 400. Nafasi nzuri ya kuondoka hupatikana mara moja katika kila miezi 26 hivi. Safari ya kwenda huchukua miezi sita hadi tisa, kisha msafiri husubiri zaidi ya mwaka mpaka sayari hizi mbili zikae tena mahali panapofaa kurudi. Safari nzima inakaribia miaka mitatu.

Katika muda huo mwili unaumia. Bila uzito, mifupa inayoubeba mwili hupungua kwa takribani asilimia 1 kila mwezi, na hata mazoezi ya kila siku hayazuii yote. Mionzi ya anga za juu hupenya kuta za chombo. Kisha kuna upweke. Fikiria mvuvi ambaye mtumbwi wake unaingia maji, anapiga simu nchi kavu, na sauti yake inafika baada ya dakika 20, halafu jibu nalo linachukua dakika 20 kumrudia. Mirihi ikiwa mbali, ndivyo mawasiliano yalivyo. Aliye huko lazima ajiokoe mwenyewe.

Na akifika? Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, haifikii asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu, na sehemu yake kubwa ni kabonidayoksaidi. Gari la utafiti liitwalo Perseverance, lililotua huko tarehe 18 Februari 2021, lilibeba mtambo mdogo wa kuitoa oksijeni katika hewa hiyo. Mtambo ulifanya kazi, na jambo hilo ni la ajabu. Lakini oksijeni yote uliyotengeneza kwa zaidi ya miaka miwili ilikuwa gramu 122, kiasi kisichomtosha mtu mmoja kwa siku moja. Gari hilo lina uzito wa tani 1 hivi, ilhali chombo cha kushusha watu, chakula chao na roketi ya kuwarudisha kitakuwa na makumi ya tani. Bado hakuna aliyewahi kushusha mzigo kama huo katika hewa nyepesi kiasi hicho.

Kwa hiyo jibu la kweli ni hili: hakuna sheria ya maumbile inayokataza, ila hatujawa tayari. Na hapa tumtendee haki Nkoloso. Kamba yake iliyokatwa ilisimama juu ya ukweli wa fizikia, kwa kuwa mtu anayeanguka huru huonja hali ya kutokuwa na uzito, na hata leo wanaanga hufundishwa ndani ya ndege inayoporomoka kwa makusudi. Swali aliliona. Alichokosa ni kila kitu kilicho kati ya swali na jibu: maabara, mafuta ya roketi, wahandisi, na fedha. Mpango wa Marekani wa kwenda Mwezini uligharimu zaidi ya dola bilioni 25 za wakati ule, na katika kilele chake watu wapatao 400,000 waliufanyia kazi.

Wengine watasema kwamba hata wamisionari wa kwanza walikwenda wasikokujua. Ni kweli. Kundi la kwanza la White Fathers liliondoka Ulaya mwaka 1878, Padre Pascal akafa njiani, na waliobaki walifika Kageye, kusini mwa Ziwa, mwishoni mwa mwaka huo. Mwanzoni mwa 1879 Padre Siméon Lourdel, aliyeitwa baadaye Mapera, na Bruda Amans walipanda mtumbwi wakavuka kwenda Buganda. Walikuwa mbali na kwao kiasi kwamba barua ilichukua miezi. Lakini walivuta hewa ileile, walikunywa maji ya ziwa hilihili, walipigiwa makasia na wenyeji, wakala chakula cha watu waliowakuta. Walioiona pwani hii kuwa nchi ngeni waliponea kwa ukarimu wa wenye nchi. Mirihi haina mwenyeji wa kumkaribisha mgeni. Msafiri atabeba hata pumzi yake.

Swali la Sista

Sasa swali la pili, la faida. Nalo pia liliulizwa kutoka Zambia.

Mwaka 1970 mtawa mmoja aliyefanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia barua Dk. Ernst Stuhlinger, mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa kiongozi katika shirika la anga la Marekani. Stuhlinger alikuwa akitetea safari ya watu kwenda Mirihi. Sista aliuliza anawezaje kupendekeza mabilioni ya dola kwa kazi hiyo wakati watoto wanakufa njaa duniani. Ni swali ambalo mwanajumuiya yeyote wa Nkome angeliuliza.

Stuhlinger alimjibu tarehe 6 Mei 1970, kwa barua ndefu na ya heshima. Alimsimulia habari za bwana mmoja wa zamani huko Ujerumani, mkarimu kwa maskini, aliyemsaidia pia fundi mmoja aliyekuwa akisaga vioo vya kukuza vitu vidogo. Watu walilalamika: kuna tauni mjini, wewe unalisha mchezea vioo! Bwana yule hakupunguza sadaka zake kwa maskini, wala hakumfukuza fundi. Kutokana na kazi za namna hiyo ikapatikana hadubini, na kwa hadubini waganga wakajifunza kupambana na tauni na maradhi mengine. Mwisho Stuhlinger alimtumia Sista picha ya dunia yetu iliyopigwa na wanaanga walioufikia Mwezi siku za Noeli ya mwaka 1968: mpira mdogo wa samawati katika giza kubwa. Alitaka aone kwamba safari za mbali zilitufundisha jinsi nyumba yetu ilivyo ndogo na ya thamani.

Jibu hilo lina uzito, na ushahidi tunao mikononi. Paneli za jua zinazochaji taa za wavuvi wetu zilipata moja ya kazi zake za kwanza kwenye setilaiti, mwaka 1958. Magugu maji yalipolivamia Ziwa Victoria miaka ya 1990, picha za setilaiti zilitumika kupima yameenea wapi. Utabiri wa hali ya hewa unaomwambia mvuvi asitoke leo unategemea macho yaliyo angani. Hata dhahabu, ambayo vijana wa Geita wanaitafuta ndani ya maduara, hupakwa kwa utando mwembamba sana kwenye kioo cha kofia ya mwanaanga ili Jua lisimchome macho.

Lakini tusimwache Sista haraka hivyo, kwani swali lake halikujibiwa lote. Faida nyingi tulizotaja zimeletwa na vyombo visivyo na mtu. Magugu maji hayakuhitaji binadamu aende Mirihi ili yaonekane. Wanaotetea safari ya watu husema mtu mmoja mwenye nyundo angegundua kwa siku moja mambo ambayo gari la utafiti huyafanya kwa miezi, na kwamba kijana husomea sayansi kwa bidii akiona binadamu mwenzake anakwenda. Hoja hizo ni nzuri, ila ni za mtu aliyekwisha kushiba. Tena katika hadithi ya Stuhlinger, sharti ni kwamba bwana yule aliendelea kuwapa maskini. Sharti hilo likiondolewa, hadithi nzima inaanguka. Faida ya kwenda Mirihi itapimwa pia kwa kuangalia kama fungu la maskini lilibaki mezani.

Kanisa halijaogopa kutazama juu. Papa Leo XIII aliiimarisha upya Taasisi ya Vatikani ya kuchunguza nyota mwaka 1891, na Julai 1969 Papa Paulo VI aliutazama Mwezi kwa darubini ya Castel Gandolfo usiku ule watu walipotua, akawatumia wanaanga baraka zake. Kanisa hilohilo, kwa waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, linatukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Anayeota kuhamia nyumba nyingine ili aiache hii ikiharibika, ameikosea kazi aliyopewa Adamu bustanini.

Miaka ya mwisho

Nkoloso hakuishia kwenye pipa. Aligombea umeya wa Lusaka akashindwa. Kaunda alimpa kazi katika Kituo cha Ukombozi mjini Lusaka, mahali ambapo vyama vya wapigania uhuru wa Angola, Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini vilikuwa na ofisi zao. Kazi hiyo ilikwenda sambamba na ile ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Alistaafu mwaka 1972. Lakini mwalimu hakuchoka kusoma. Mwaka 1983, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60, alihitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Zambia. Alifariki tarehe 4 Machi 1989, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Tujifunze nini?

Kwanza, tusimdharau anayeota ndoto kubwa kwa sababu tu ametoka nyumba ndogo. Waliomcheka Nkoloso hawakumcheka kwa hesabu zake peke yake. Walimcheka kwa kuwa ni Mwafrika anayezungumzia nyota. Mtoto wa shule ya msingi Nkome akisema anataka kuwa mwanaanga, mwalimu na padre wamwulize amefika wapi na hisabati, wasimkate kauli.

Pili, ndoto haimpi mtu ruhusa ya kuchezea maisha ya wengine. Hapa ndipo tunaporudi kwa Matha na wenzake. Nkoloso mwenyewe hakuwa wa kwanza kupanda roketi. Aliyepangiwa kupanda ni binti ambaye hakuwa na njia ya kupima hatari anayopelekwa. Na jambo hili halijaisha. Kampuni ya Mars One ya Uholanzi ilitangaza mwaka 2012 kwamba itawapeleka watu Mirihi wakaishi huko bila kurudi, watu wengi wakajiandikisha, na mwaka 2019 ikafilisika bila kurusha hata mmoja. Sisi wa ukanda wa dhahabu tunalijua swali hili kwa jina lingine. Kabla kijana hajashushwa kwenye duara, mwenye duara ameweka matimba ya kutosha? Naye ameshuka mara ngapi mwenyewe? Anayetuma ana deni kwa anayetumwa.

Tatu, maandalizi ni sehemu ya upendo. Seminari inamlea frateri kwa miaka mingi kabla ya kumpeleka parokiani, nayo inafanya hivyo kwa sababu inawaheshimu watu anaokwenda kuwahudumia. Pipa kutoka mlimani halimtoshi anayekwenda Mirihi, wala bidii ya mwezi mmoja haimtoshi anayekwenda altareni.

Nne, tulichukue lile agizo la Nkoloso kwa mmisionari wake. Hakuna wenyeji Mirihi, lakini wapo kila kijiji tunachotumwa. Kuingia kwa heshima, kuhubiri bila kulazimisha, ni sharti ambalo mtoto huyu wa misheni aliliona hata kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatoa, Desemba 1965, tamko lake juu ya uhuru wa dini.

Wanajumuiya wanaweza kulijadili jambo hili wiki hii baada ya kusoma Zaburi ya 8, ambayo inamwonyesha mtu akitazama mwezi na nyota na kushangaa kwamba Mungu anamkumbuka. Wazee waulizwe ni kitu gani kilichoonekana hakiwezekani walipokuwa vijana na leo kipo. Vijana nao waulizwe: kama wangepewa leo zile paundi milioni 7 alizoomba Nkoloso, wangeanza na nini hapa kwetu, na wangebakiza kiasi gani kwa ajili ya darubini?